Karatasi, AutoCAD, SolidWorks au FreeCAD: ipi inaifaa karakana yako ya Arusha?

Wenye karakana wengi wa Arusha, kuanzia Unga Limited hadi Njiro, wanakwama mahali pamoja. Kazi zipo, mafundi wapo, ila michoro inawachelewesha. Mteja anataka proforma leo, kesho anataka kuona kitu kitakavyokuwa, keshokutwa amebadili mawazo. Ukianza kuulizia programu ya kuchorea, jibu unalopewa linategemea zaidi aliyekujibu alisomea nini. Aliyefundishwa AutoCAD chuoni atakutajia AutoCAD, aliyewahi kukaa kiwandani atakutajia SolidWorks, na kijana anayependa kompyuta atakwambia chukua FreeCAD, ni bure.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya karakana ndogo ya vyuma: inayotengeneza mashine za kupukuchua mahindi na kumenya kahawa, matenki, mageti, kenchi, pamoja na ile kazi ambayo Arusha inajulikana nayo, kurefusha na kubadili magari ya watalii. Ofisi za ramani za nyumba zina programu zao, kama ArchiCAD na Revit, na hizo siziingizi hapa.

Mambo ya kupima kabla ya kuuliza bei

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko mengine yote: mchoro wako unabadilishwa mara ngapi, na unarudi kutumika mara ngapi? Watu hudhani kompyuta inaharakisha kuchora. Kwa mchoro wa mara ya kwanza, mara nyingi haiharakishi. Fundi mwenye mkono mzuri na karatasi ya A3 anaweza kumaliza kuchora geti kijana wa kompyuta akiwa bado anapanga mistari yake. Muda unaanza kuokolewa mara ya pili, ya tatu na ya kumi: mteja anaporudi akitaka kile kile lakini kirefu zaidi kwa sentimita 30, mashine uliyouza zamani inapohitaji shafti mpya, au zabuni inapokutaka utoe orodha ya vifaa vyote kabla ya saa kumi jioni. Karakana isiyorudia kazi zake haitaiona faida hiyo hata inunue programu ghali kuliko zote.

La pili ni fedha yote kwa ujumla wake: leseni, kompyuta, mafunzo, na mshahara wa wiki ambazo mtu anajifunza bila kuzalisha. La tatu ni kile kinachotoka kwenye mchoro. Fundi anaweza kukisoma akakata? Mashine ya plasma au leza inaipokea faili? Mteja anaelewa anachonunua? La nne ni watu, yaani mchoraji wako akiondoka utampata mwingine hapa hapa mjini? La tano ni umeme na intaneti.

Njia zote nne nimezipitisha kwenye mambo hayo. Pale ambapo jambo lina uzito nimekaa zaidi, na pale lisipo na uzito nimepita.

Karatasi, penseli na rula

Fedha. Hapa hulipi leseni wala hununui kompyuta. Gharama inajificha kwenye vyuma vilivyokatwa vibaya na kwenye kazi ya kurudia, na kwa kuwa hakuna risiti yake, wengi hawaihesabu.

Mabadiliko. Kila badiliko ni kufuta au kuanza upya. Kwa kitu kimoja kisichorudi si tatizo. Kwa mashine yenye vipande 40 ni mateso, kwa sababu kipimo kimoja kikisogea lazima ukumbuke mwenyewe kila mahali kinapogusa.

Karakana na mteja. Mafundi wetu wengi wanausoma mchoro wa mkono bila shida, na kwa kazi ya kuchomelea ya kawaida unatosha kabisa. Mashine ya CNC, ile inayoendeshwa na kompyuta, haiusomi. Mteja wa shirika au hoteli naye mara nyingi hatauweka kwenye faili lake.

Watu, umeme na intaneti. Umeme ukikatika kazi inaendelea. Shida ni kwamba ujuzi unabaki kichwani mwa mtu mmoja, mara nyingi mwenye karakana mwenyewe, na siku akiwa msibani au hospitalini hakuna anayejua shafti ya mashine namba fulani ilikuwa ya milimita ngapi.

Inamfaa anayefanya kazi za mara moja, kila moja ya namna yake, na anayesimamia mwenyewe kila kipande kinachokatwa. Huyo asijione yuko nyuma. Anachohitaji ni kuweka tarehe na namba kwenye kila mchoro na kuupiga picha kwa simu kabla haujapata grisi.

AutoCAD

Ilitoka Desemba 1982 kutoka kampuni ya Autodesk ya Marekani, ikiwa miongoni mwa programu za kwanza za uchoraji zilizoweza kuendeshwa kwenye kompyuta za mezani. Kwa miaka yote tangu hapo faili yake, DWG, imekuwa ndiyo inayotarajiwa na karibu kila mhandisi atakayekutumia kazi.

Fedha. Mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, na ukiacha kulipa programu inafungwa. Kwa bei ya Marekani, AutoCAD kamili ni kama dola 2,000 kwa mwaka, na AutoCAD LT ni kama dola 500. LT inachora 2D peke yake, yaani michoro bapa. Karakana inayochora kenchi, mageti na matenki haina sababu ya kulipa mara nne ya hapo ili ipate 3D (umbo la kitu kizima) ambayo haitaifungua.

Mabadiliko. Hapa AutoCAD inaishinda karatasi kwa mbali na kushindwa na 3D kwa mbali. Kunakili, kurefusha na kuhifadhi vipande vinavyojirudia ni kazi ya sekunde. Tatizo lake linatokana na namna 2D yenyewe ilivyo: mwonekano wa mbele, wa juu na wa ubavuni ni michoro mitatu isiyojuana. Ukirefusha fremu kwenye mwonekano wa mbele, ule wa juu unabaki na kipimo cha zamani mpaka wewe ukaurekebishe kwa mkono. Fundi akipewa karatasi mbili zinazopingana atafuata iliyo juu ya meza, na chuma kikishakatwa hakirudi. Ofisi inayotumia AutoCAD inahitaji mtu wa pili wa kukagua kila mchoro kabla haujashuka karakanani, na mshahara wa mtu huyo ni sehemu ya gharama ya programu.

Karakana na mteja. Michoro inachapwa kwa mizani sahihi na kupelekwa PDF kwa mteja. Faili ya DXF, ya kubadilishana michoro kati ya programu na mashine, inaingia kwenye mashine nyingi za plasma na leza. Kwa kukata flanji, mabamba ya kuunganishia kenchi na urembo wa mageti, huhitaji zaidi ya hapo.

Watu. Hii ndiyo nguvu yake kubwa kwetu. Kijana anayetoka Chuo cha Ufundi Arusha au chuo kingine cha ufundi ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameshaigusa. Ukimpoteza mchoraji mwezi huu, mwezi ujao unaweza kuwa na mwingine anayefungua faili zile zile.

Umeme na intaneti. Programu inakaa kwenye kompyuta yako. Intaneti inahitajika angalau mara moja kila siku 30 ili leseni ithibitishwe, jambo ambalo hata bando la simu linaliweza.

Inamfaa anayepokea na kutuma michoro kwa wahandisi, wakandarasi na halmashauri, na ambaye kazi zake ni bapa zaidi kuliko za kukunja na kuunganisha.

SolidWorks na Fusion

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinafanya kazi kwa mtindo mmoja. SolidWorks ilitoka mwaka 1995 na miaka miwili baadaye ikanunuliwa na Dassault Systèmes ya Ufaransa. Fusion ni ya Autodesk. Kwenye zote mbili huchori mistari ya karatasi. Unajenga kitu chenyewe katika 3D, kila kipimo kikiwa na namba yake, halafu mionekano, orodha ya vifaa na mabati yaliyokunjuliwa vinatolewa humo. Ukibadili namba moja, vingine vinafuata.

Mabadiliko. Chukua kazi ya gari la watalii. Unakata paa la Land Cruiser, unatengeneza fremu ya paa linalonyanyuka, unaongeza safu ya viti. Mteja anarudi: anataka mawili kama lile, ila refu kidogo, na friji ihamie nyuma. Kwenye 3D fremu ya paa ina urefu mmoja ulioandikwa mahali pamoja. Ukiubadilisha, vyuma vya ubavuni vinarefuka, nguzo za kati zinajigawa upya, bati la juu linapata kipimo kipya, na orodha ya kwenda dukani inabadilika yenyewe. Kazi iliyokuwa ya siku mbili kwenye 2D, pamoja na ukaguzi wake, inaweza kuwa ya asubuhi moja. Hata hivyo kuna sharti: yule aliyejenga modeli awe ameijenga kwa akili tangu mwanzo, akijua ni vipimo gani vitabadilika. Modeli iliyojengwa kwa haraka ukiigusa namba moja inajaa alama nyekundu, na hapo utatamani karatasi yako. Na gari lenyewe bado lazima lipimwe kwa futi, maana chasisi iliyokwisha kufanya kazi Serengeti haifanani na ile ya kwenye kitabu.

Kukunja bati ndiko 3D inakolipa zaidi, na ndiko naona karakana nyingi zinapoteza vyuma bila kujua. Bati la milimita 2 unalikunja nyuzi 90, unataka pande mbili za milimita 50 kwa kipimo cha nje. Hesabu ya kichwa inasema kata 100. Lakini bati linavutika pale kwenye mkunjo. Kama mkunjo wa ndani una nusukipenyo cha milimita 2, urefu sahihi wa kukata ni kama 96.5. Tofauti ya milimita 3.5 kwenye mkunjo mmoja fundi anaimaliza kwa grainda. Kwenye sanduku lenye mikunjo minne inakuwa milimita 14, na mfuniko hauingii. Programu hizi zinafanya hesabu hiyo zenyewe, mradi uziambie unene wa bati na tabia ya mashine yako ya kukunja. Tabia hiyo unaipata kwa kukunja vipande vichache vya majaribio na kuvipima.

Uzito nao unapatikana bila kuhangaika. Chuma cha kawaida kina kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bati la milimita 2 lina kilo 15.7 kwa kila mita ya mraba, na shiti nzima ya 1,220 kwa 2,440 ni karibu kilo 47. Programu inajumlisha kila kipande. Kwa proforma hiyo ni faida ya moja kwa moja, kwa sababu unajua chuma kitakachoingia kabla hujataja bei. Kwa paa la gari ni suala la usalama pia, maana uzito wa juu unaongeza hatari ya gari kupinduka.

Fedha. SolidWorks ni maelfu ya dola kwa mtumiaji mmoja, na kuna malipo ya kila mwaka ukitaka matoleo mapya na msaada. Fusion ya biashara ni nafuu zaidi, kama dola 700 kwa mwaka. Ipo Fusion ya bure kwa matumizi binafsi, lakini hairuhusiwi kwa biashara na inakubana kwenye faili 10 tu zilizo wazi kwa kuhaririwa. Ongeza kompyuta: hesabu RAM ya GB 16 kwenda juu na kadi nzuri ya picha. SolidWorks inataka Windows.

Karakana na mteja. Mteja asiyejua kusoma mchoro anageuza modeli kwenye skrini na kuona kiti kilipo. Mabishano ya "sikukusudia hivi" yanapungua sana, na kwa biashara ndogo hiyo ni fedha. DXF ya kila bati lililokunjuliwa inatoka tayari kwa leza.

Watu. Hapa ndipo udhaifu ulipo. Mtu huhitaji miezi ya kazi halisi hadi ajenge modeli za kuaminika, na akishaiva viwanda vikubwa vinamtaka. Wafundishe wawili kwa pamoja, usifundishe mmoja. Jambo jingine: faili ya SolidWorks ya toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani. Tangu toleo la 2024 unaweza kuhifadhi kwa matoleo mawili yaliyopita, lakini bado kubaliana na wenzako mapema.

Umeme na intaneti. SolidWorks inakaa kwenye kompyuta. Fusion huweka faili zako kwenye seva za Autodesk. Bila mtandao unaendelea kwa muda tu. Ikiwa ulipo mtandao unapotea siku nzima, lipe jambo hili uzito.

Zinamfaa anayetengeneza aina zile zile za mashine au miili ya magari kwa kubadilisha vipimo, na anayekunja bati kila wiki.

FreeCAD

Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ya chanzo huria, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Inajenga 3D kwa vipimo vinavyofuatana, kwa mtindo ule ule wa SolidWorks.

Fedha. Ni bure, hata kwa biashara, hata kwa kompyuta kumi. Kinacholipiwa ni muda, na si muda mdogo.

Mabadiliko. Kabla ya 1.0 ilikuwa na kasoro iliyowakimbiza wengi: ukibadili umbo la mwanzo, matundu na kona ulizoweka baadaye zilihama au kupotea. Toleo la 1.0 limepunguza sana tatizo hilo, na limekuja na sehemu ya kuunganisha vipande vingi kuwa mashine moja. Aliyeijaribu miaka mitano iliyopita akaiacha ana sababu ya kuirudia. Kwenye mashine yenye mamia ya vipande, SolidWorks bado inaiacha mbali kwa wepesi. Kukunjua bati inaweza, kwa nyongeza unayoipakua ndani ya programu.

Karakana na mteja. Inatoa DXF, PDF na STEP (faili ya 3D inayofunguka kwenye programu nyingi). Kikwazo ni DWG: haiifungui yenyewe, unahitaji programu nyingine ya kuibadilisha, na mara nyingine maandishi au vipimo vinaharibika njiani. Kama kazi zako zote zinakuja kwa DWG, utachoka.

Watu, umeme na intaneti. Sijaona wengi mtaani wanaoijua, kwa hiyo utamfundisha mwenyewe utakayemwajiri. Upande mwingine, mwanafunzi anaweza kuipakua leo na kujifunza nyumbani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Haihitaji mtandao kabisa baada ya kusakinishwa, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux.

Inamfaa anayebuni bidhaa zake mwenyewe, mwenye subira na kijana mmoja mwenye hamu ya kujifunza.

Kuhusu nakala za mtaani

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu linawaumiza wanaoanza. Nakala za bei ya soda zinazosambazwa kwa flashi si njia ya tano. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na nakala zilizovunjwa kufuli huweza kubeba virusi vinavyofuta michoro ya miaka. Leseni za wanafunzi nazo ni za masomo, si za kumtolea mteja kazi. Kwa kuwa FreeCAD ipo bure na LT ipo kwa bei inayobebeka, sababu ya kuhatarisha kazi ya watu haipo tena.

Ukiwa katika hali hii

Unachomelea mageti na madirisha, kila mteja na lake: baki na karatasi, na ikiwa umeshanunua mashine ya plasma chukua AutoCAD LT au hata LibreCAD, ambayo ni ya bure na ya 2D.

Wewe ni mkandarasi mdogo wa kenchi na mabohari, na mhandisi anakutumia DWG: AutoCAD LT, mchoraji mmoja, mkaguzi mmoja.

Unabadili magari ya watalii na maagizo yanarudi: 3D ya kulipia. Kama maagizo ni machache kwa mwaka, anza na Fusion. Kama una watu watatu wanaochora na mashine ya leza, SolidWorks inaanza kuwa na maana.

Unatengeneza mashine za kilimo kwa saizi tatu au nne na mtaji ni mdogo: FreeCAD, na upange miezi kadhaa ya kujifunza wakati wa msimu usio na maagizo. Kabla hujaanza kubuni kitu kutoka sifuri, pita TEMDO na CAMARTEC, taasisi mbili za serikali zilizo hapa hapa Arusha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, au ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kubuni mashine na zana za namna hiyo ndiyo kazi yao, na mazungumzo ya saa moja yanaweza kukupunguzia majaribio mengi.

Unaomba zabuni za serikali kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni: programu yoyote kati ya hizi itakutolea PDF safi. Angalia zaidi ni ipi inakupa orodha ya vifaa na uzito bila kuhesabu kwa kidole, na hapo 3D ina faida.

Bado huna uhakika: chukua bidhaa moja uliyokwisha kuiuza mara mbili, iingize kwenye FreeCAD na kwenye nakala ya majaribio ya programu ya kulipia, kisha mwambie mchoraji airefushe, aipunguze unene wa bati, atoe orodha mpya ya vifaa. Andika saa zilizotumika kwa kila badiliko, zidisha kwa maagizo yako ya mwaka, ndipo ulinganishe na bei ya leseni.

Na kama una makabati ya michoro ya AutoCAD ya miaka kumi na sasa unahamia 3D, usimlipe mtu aihamishe yote. Iache kwenye DWG, weka nakala mbili kwenye diski za nje zinazokaa nyumba tofauti, na ujenge modeli ya kile tu ambacho mteja amekiagiza tena.